Ufunguo Kwenye Kifua cha Mama

Niseme mapema ili mtu asije akanisoma akitafuta upole: bado nina hasira. Mama yangu amenirushia ile methali ya hasira hasara tangu nikiwa mdogo wa kushika ndama kamba. Mimi siku hizi namjibu kwamba safari hii hasara ndiyo iliyotangulia, hasira imefuata nyuma tu.

Kazi yangu ni kuandika kiini cha mfumo wa kompyuta. Pale kwetu, upande wa Roret, wengi hudhani natengeneza simu, na nimechoka kuwasahihisha. Jirani mmoja aliwahi kuniletea redio, akaiacha mlangoni na betri zake. Kiini ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, inayosimama kati ya programu na chuma chenyewe. Programu ikitaka kuweka kitu kwenye diski haiigusi diski, inakiomba kiini. Kazi hiyo naifanyia nyumbani, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mahindi, dirisha likitazama majani chai ya mama. Wenzangu wako ng'ambo na hatujawahi kuonana uso kwa uso.

Ndani ya kiini hicho nina kona yangu ndogo, na ni ya kuandika moja kwa moja. Kwa kawaida programu ikihifadhi kitu, kiini hukipokea, hukiweka kwanza kwenye kumbukumbu yake, kisha hukipeleka diskini kwa wakati wake. Lakini programu zenye mizigo mikubwa, kama zile za picha za hospitali, hazitaki kituo cha katikati. Zinasema, chukua hapa mkononi mwangu, peleka diskini moja kwa moja. Ni haraka, na ina hatari yake, kwa sababu mtu anaweza kuiua programu wakati nusu ya mzigo imefika na nusu bado iko njiani. Hapo ndipo kiini kinapotakiwa kuwa na adabu. Kingoje diski imalize kile ambacho imekwisha kukishika, kijue ni kiasi gani kimefika, kisha kitangaze kiasi hicho tu. Kikitangaza zaidi ya hapo, kimesema uongo. Maana diski haina mahali patupu. Kila palipo wazi pana mabaki ya faili la zamani lililofutwa, na ukisema faili jipya limejaa wakati limejaa nusu, atakayelisoma akipita katikati ataanza kusoma mabaki ya mtu mwingine. Wala hakuna atakayemwambia.

Nilimweleza mama jambo hili siku moja alipokuwa anasafisha vibuyu vyake, akalielewa kuliko nilivyotarajia. Kwake maziwa ya mursik, yale ya kugandishwa, hayaingii kwenye kibuyu ambacho hakijasuguliwa na kupakwa mkaa wa mti wa senetwet, hata kama mgeni amesimama mlangoni na kiu yake.

"Ukimwaga mpya juu ya ile ya zamani," akasema, "mwenye atakunywa mpaka chini atakutana na ya zamani."

"Ndivyo hasa, mama."

"Na hao watu wa kompyuta hawaoshi?"

"Kuna wengine hawaoshi."

Akacheka, akasema hiyo ni tabia ya mtu ambaye mama yake alimwachilia akiwa mdogo.

Wasioosha nilikuwa nawajua. Kulikuwa na kampuni fulani, siitaji, iliyouza kompyuta za kuhifadhia picha za eksirei. Mtu wao alileta pendekezo kwenye mazungumzo yetu ya kazi: faili litangazwe ukubwa wake wote kwanza, ndipo liandikwe, eti picha zihifadhiwe haraka zaidi. Nikamuuliza, je, programu ikiuawa katikati? Akanijibu kwa ule upole unaochoma kuliko tusi, kwamba hilo ni tukio la nadra. Tulibishana naye hadi tukalikataa pendekezo lake. Lakini kiini chetu ni cha wote, mtu yeyote anaweza kukichukua akakibadilisha nyumbani kwake anavyotaka. Nikaendelea na shughuli zangu nikidhani tumeshinda.

Msimu wa mvua ndefu mama akashikwa na kikohozi kisichokwisha. Alikunywa maji ya tangawizi, akanywa dawa za duka, akakohoa tu. Mke wangu akampeleka kwenye kliniki moja ya binafsi, katika mji ambao nao sitautaja, wakampiga picha ya kifua. Walirudi jioni wamelowa, mke wangu ameshika flashi yenye picha na karatasi ya daktari. Karatasi ilisema kuna kivuli kikubwa sehemu ya chini ya pafu la kulia, apelekwe hospitali kubwa achunguzwe, na huenda akapasuliwa. Mwishoni daktari alikuwa ameongeza kwamba mgonjwa alitikisika kidogo wakati wa kupigwa picha.

Hilo la mwisho ndilo lililomuudhi mama. "Mimi nilitikisika? Nilisimama kama nguzo ya boma."

Lakini kesho yake alichukua kikombe chake akakiweka peke yake dirishani. Wajukuu walipomkimbilia akawanyooshea mkono wasikaribie. Halafu akamwita mke wangu, akamkabidhi vibuyu vyake vyote, na kile cheusi alichopewa na mama mkwe wake kikiwemo. Mwanamke wa kwetu hagawi vibuyu vyake hivihivi. Mke wangu alikuja ofisini kwangu amevikumbatia, analia, hajui aviweke wapi. Nikatoka nje nikasimama kwenye majani chai, nikavunja kijiti kimoja baada ya kingine kama mjinga. Nilikuwa na hasira na kifua, na hasira na Mungu, na hata na ile tangawizi.

Siku iliyofuata mama mwenyewe akaja stoo akasema anataka kuona kitu kinachomuua. Sikutaka. Akaketi kwenye kiti changu, kwa hiyo nikalazimika kuichomeka flashi. Mbavu zikajaa kiooni. Aliinama akatazama kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole karibu na ukingo wa chini.

"Na hii?"

"Ni ufunguo, mama. Na pini. Si umeushikiza kwenye petikoti?"

"Hii ufunguo si yangu."

"Labda ulisahau."

"Wewe," akasema, na sauti ikawa ile ya kuniita nilipokuwa darasa la chini, "mlango yetu iko na komeo tangu baba yako aijenge. Mimi nimebeba ufunguo lini?"

Ni kweli. Nyumba ya mama haijawahi kuwa na kufuli. Nikamsogeza kidogo, nikaikuza picha. Juu kidogo ya katikati kulikuwa na mstari mwembamba ulionyooka toka ukingo hadi ukingo, na mbavu za juu ya mstari hazikukutana na mbavu za chini yake. Uti wa mgongo nao ulikuwa umehama upande. Huko ndiko daktari alikokuita kutikisika. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba aliisoma picha ile kwenye simu yake, akiwa njiani.

Nikalifungua faili kwa njia ya kazi yangu, nikatazama mstari unaanzia wapi ndani yake. Uliangukia sawasawa mahali ambapo kipande kimoja cha diski huisha na kingine huanza. Mtu anayetikisika hajui vipande vya diski viko wapi. Nilijua hapo hapo nimetazama nini. Juu ya mstari alikuwa mama yangu. Chini ya mstari alikuwa mtu mwingine, na kile kivuli kilikuwa chini ya mstari.

"Nini?" akauliza mama.

"Hawaoshi vibuyu," nikamwambia.

Aliendelea kuutazama ule ufunguo.

Nilifika kliniki mchana nikiwa nimepanga maneno ya kumpasua mtu. Nilimkuta kijana wa mashine, mpole, shati limepigwa pasi, ananiita mzee na kunivutia kiti. Nikamwambia picha ya mama yangu ina kifua cha mtu mwingine. Akanitazama kama watu wanavyomtazama aliyefiwa. Mwenye kliniki akatoka chumba cha ndani akaniambia kompyuta haikosei, binadamu ndiye hukosea. Nikamwambia kompyuta hukosea kila siku ya Mungu, kazi yangu ni kujua inakosea wapi, na sitoki hapa. Akasema picha ya pili ina malipo yake. Hapo nilipiga meza, na wagonjwa kwenye benchi wakanigeukia.

Tukiwa bado tunatupiana maneno mvua ikaanza. Kwetu hakuna asiyejua mvua ya alasiri: inaanza na radi, inakuja na mawe, na stima haingoji kuagwa. Taa zikazimika. Betri ya akiba chini ya meza ikaanza kulia pi, pi, pi. Kijana akaruka kutoka alipokuwa, akashika kipanya, na mbele ya macho yangu akaiua programu ya picha kwa nguvu ilhali duara bado linazunguka kuonyesha kwamba inahifadhi.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Naokoa data, mzee."

"Unaokoa?"

"Hii betri haikai. Ikikufa na programu ikiwa wazi, diski inaharibika. Kwa hivyo namwua mwenyewe kabla stima imuue. Stima ikirudi namwasha tena."

Alisema kwa fahari ndogo ya mtu anayejua kazi. Mashine ya kwanza ilikufa mikononi mwake radi ilipopiga, mwenye kliniki akamfokea mbele ya wagonjwa, na tangu hapo akajiwekea sheria: betri ikilia tu, ua. Kila alasiri ya mvua. Na huku kwetu ni alasiri ngapi hazina mvua? Nikalikumbuka lile neno, nadra. Nilitamani yule bwana wa kampuni awe amesimama pale na mvua ya mawe ikigonga mabati juu ya kichwa chake, anieleze nadra ni nini.

"Na picha hupotea?" nikamuuliza kijana.

"Mara moja moja. Hata juma moja kabla ya mama yako kuna moja ilipotea. Programu ikiwaka hufagia yenyewe faili zenye hazijapewa jina. Tunamwambia mgonjwa arudie."

Nililisikia jibu hilo, nikaliacha lipite. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya kifua kimoja.

Stima iliporudi niliomba nitazame mashine inavyowaka, na maandishi ya kwanza yakanipa jina la kampuni ile ile. Walikuwa wamekichukua kiini chetu, wakatia ndani lile badiliko tulilolikataa, wakakiuza mpaka huku. Faili linatangazwa limejaa kabla ya kuandikwa, na programu, ikidhani limejaa kweli, huweza kulipa jina kabla picha haijafika yote. Kijana anaua katikati, kiini kinaondoka bila kurekebisha ukubwa, na nusu ya pili inabaki na picha ya aliyefutwa. Picha zote za mashine ile ni za ukubwa mmoja, kwa hiyo kifua kipya hulala juu ya kifua cha zamani, bega mahali pa bega na ubavu mahali pa ubavu. Sikuweza kumpiga kijana. Alikuwa amefanya ujinga wake kwa uangalifu kuliko wengine wanavyofanya akili. Nilimwandikia mtu wa kampuni, na majibu yake hata sitaki kuyarudia hapa. Alisema mashine haikutumiwa kwa njia iliyopendekezwa.

Mwenye kliniki alikubali mwishowe, nadhani kwa sababu nilikuwa nawaeleza wagonjwa wa benchi. Nikamrudisha mama asubuhi, mbingu ikiwa safi. Nilisimama nyuma ya kijana na kumkataza asiguse kitu hadi duara lisimame lenyewe. Daktari safari hii akaitazama picha kwenye kioo kikubwa. Pafu la kulia halikuwa na kivuli, hapakuwa na mstari, hapakuwa na ufunguo. Akasema kikohozi ni cha moshi wa jikoni na baridi, akampa dawa.

Tulirudi nyumbani nikiimba. Nilimwita mke wangu avitoe vibuyu avirudishe kwa mwenyewe. Watoto wakamparamia nyanya yao. Mama aliwashika vichwa mmoja mmoja, akavipokea vibuyu, akavipanga mahali pake. Lakini uso wake ulikuwa umefunga.

"Mama, wewe ni mzima. Umesikia daktari?"

"Nimesikia."

"Sasa nini?"

"Na mwenye ufunguo?"

Alinigeukia, na nikaona kwamba katika nyumba ile si mimi pekee niliyekuwa na hasira.

"Unaimba kama mtu ameokota kitu njiani," akasema. "Ile kivuli umeitoa kwangu, asante. Umeipeleka wapi? Imekuwa ya nani? Ama ikitoka kwa mama yako imekwisha?"

"Sijui ni nani, mama. Faili lilishafutwa, halina jina."

"Mimi najua."

Akaketi. Akaniambia juu ya mwanamke mmoja wa kundi lao la kina mama kanisani, ambaye nami namfahamu kwa sura. Alikuja kutoka upande wa ziwa akiwa msichana, akachuma chai kwenye shamba kubwa mpaka mashine za kuchumia zikaletwa na kina mama wakaambiwa waende. Hakurudi kwao. Alipanga chumba pale sokoni, anauza dagaa wa omena na sukuma wiki. Ufunguo wa kufuli lake huufunga kwa pini kubwa, ile ya nepi, kwenye petikoti chini ya titi, kwa sababu aliwahi kuibiwa mkoba kwenye foleni. Kina mama humtania wakisema hata siku ya ufufuo itabidi malaika amngoje afungue pini. Naye alikuwa anakohoa. Alikwenda kliniki ile juma moja kabla ya mama, wakampiga picha, na aliporudi kuchukua majibu wakamwambia imepotea, arudie. Hakurudia. Aliwaambia wenzake baada ya ibada kwamba kama Mungu angetaka ionekane ingeonekana.

"Ulijua tangu siku ile ulipoiona?" nikamuuliza.

"Niliijua pini."

"Mbona hukusema?"

"Nimgawie mtu ugonjwa kabla nijue kama ni wangu?"

Hapo hasira yangu ikapata makao, na mpaka leo haijahama. Picha ya yule mama ilipigwa. Haikuwa na kosa. Iliandikwa diskini mpaka mwisho, kivuli na yote, ila programu iliuawa kabla haijaandika jina, na ilipowashwa ikaifagia kama uchafu. Kitu pekee ambacho mashine ile ilikifanya sawasawa ni kumhifadhi yeye, halafu ikamtumia kujazia mama yangu. Watu wote waliosomea, na mimi mmoja wao, tuliishika picha hiyo mikononi. Daktari aliisoma na kuandika ugonjwa kwa usahihi kabisa. Aliyekosa kuambiwa ni mgonjwa peke yake.

Mama hakungoja nimalize kukasirika. Alijifunga leso, akachukua maziwa kwenye kibuyu kidogo, tukashuka kwa miguu kupitia njia ya mashamba hadi sokoni. Nilikuwa na laptopu begani. Njiani nilijaribu kupanga maneno, nikaona kila neno nililo nalo ni la kugombana.

Tulimkuta kwenye kibanda chake anafukuza nzi. Alifurahi kumwona mama, akamkumbatia, akakohoa akiwa amegeuza uso pembeni. "Leo nimetembelewa," akasema, na hakukubali tuongelee pale juani. Alifunika omena kwa gunia, akamwomba jirani amwangalizie, akatuongoza nyuma ya maduka hadi kwenye mlango wa bati la kijani.

Pale mlangoni akatugeuzia mgongo kidogo, akaingiza mkono chini ya blauzi. Nilisikia pini inafunguka. Akatoa ufunguo, mdogo, wenye meno matatu na kichwa cha mviringo, na nikautambua kama mtu anavyomtambua ndugu yake. Kwa siku kadhaa nilikuwa nimeukuza kwenye kioo mpaka nikajua ulipochakaa.

Nikataka kusema. Mama akasema badala yangu.

"Picha yako imeonekana."

Yule mama akasimama na ufunguo ndani ya kufuli. "Ya kliniki? Kumbe haikupotea?"

"Haikupotea."

"Ilikuwa wapi?"

Mama akaweka mkono kwenye kifua chake mwenyewe. "Ilikuwa hapa kwangu. Waliniwekea mimi."

Sidhani alielewa, na nani angeelewa. Lakini alimtazama mama usoni kwa muda, kisha akatazama mkono ulipokuwa, kisha begi langu. Akakohoa tena, safari hii bila kugeuka.

"Na inasema nini?" akauliza.

Wote wawili walinigeukia mimi, na ufunguo ulikuwa bado kwenye kufuli haujazungushwa.

"Fungua kwanza, mama," nikamwambia. "Tuingie, tuketi."